Ruger 10/22 au Marlin 60: ipi inamfaa mtu wa kulenga shabaha tu?

MWANA WA MFENESINI (Unguja)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Nipo nyumbani kwa likizo, na kabla sijarudi Uingereza, ambako nafanya kazi ya uuguzi, nataka niwe nimekata shauri juu ya jambo ambalo limenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Huko ninakoishi nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha, muda wa majaribio nimeumaliza, na cheti cha silaha kimetoka polisi kikiwa na nafasi moja tu ya bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo ya upana wa inchi 0.22 hivi, inayojijaza yenyewe. Muuza silaha wa mji wetu anazo mbili zilizokwisha tumika: Ruger 10/22 yenye kitako cha mti na mtutu mweusi, na Marlin Model 60 ya zamani yenye mtutu mrefu na neli ya risasi chini yake. Marlin ni rahisi zaidi kwa bei, na mti wake ni mzuri kweli kweli.

Sina nia ya kuwinda. Nitapiga karatasi na vibao vya chuma kwa umbali wa mita 25 na 50, na mara moja moja mita 100 ikiwa uwanja utaruhusu. Klabuni nimeuliza, lakini kila mtu anaisifu aliyonayo yeye, na nimeona afadhali niulize kwa watu wa kwetu ambao hawana cha kuniuzia. Najua humu wamo waliowahi kuishi nje na waliofanya kazi ya silaha nchini. Kwa mtu anayeanza, mwenye nafasi moja katika cheti na asiyetaka kuiuza bunduki yake baada ya muda mfupi, mngemshauri achukue ipi, na kwa sababu gani?

BI MKOANI (Pemba)

Waalaykumu salaam mwanangu. Mimi si mjuzi wa bunduki, lakini kabla wajuzi hawajaanza ningeomba jambo moja liwekwe wazi kwa ajili ya vijana wanaosoma. Huko uliko una klabu na una cheti. Hapa kwetu silaha ni shughuli ya Jeshi la Polisi, na polisi ni jambo la Muungano. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia awe na leseni kabla hajamiliki silaha. Asije mtu akasoma hapa akadhani bunduki ndogo ni mchezo usiohitaji ruhusa, au kwamba aliyeruhusiwa kule anaweza kuja nayo likizo ndani ya sanduku la nguo.

MWANA WA MFENESINI

Ahsante mama, umesema kweli. Bunduki nitakayonunua itabaki Uingereza ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani, kama cheti kinavyoamuru. Likizo nimekuja na nguo na zawadi tu.

FUNDI WA FUONI (Unguja)

Mwanangu, marahaba. Mimi nimestaafu kazi ya ufundi wa silaha, na sasa nakaa nyumbani nikitengeneza cherehani na pampu za maji. Nitakujibu kwa upande wa chuma, na mambo ya klabu nitawaachia wanaoyajua.

Kwa namna zinavyofanya kazi, hizo bunduki mbili ni ndugu. Risasi ya .22 LR (Long Rifle), ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, haina fataki katikati ya kitako chake. Dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini huubana ukingo huo dhidi ya mtutu mpaka dawa ikawaka na kuiwasha baruti. Shinikizo lake ni dogo kiasi kwamba bolti, yaani chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma, haihitaji kufungwa kwa komeo. Uzito wa bolti yenyewe na springi iliyo nyuma yake vinatosha kuizuia kwa muda ule mfupi ambao risasi inapita mtutuni, kisha bolti hurudi nyuma, ganda likatupwa nje, na bolti ikija mbele tena huja na risasi mpya. Kila mlio unataka uvute kifyatulio upya. Hivyo ndivyo ilivyo Ruger na hivyo ndivyo ilivyo Marlin, na mtu akikwambia kwamba moja ina mtambo wa ajabu ambao nyingine haina, huyo anataka kukuuzia.

Tofauti inaanza pale risasi zinapokaa. Ruger 10/22 ilitoka mwaka 1964, mwaka ambao Mzanzibari hahitaji kukumbushwa, na sifa yake kubwa tangu siku hiyo ni magazini ya risasi kumi inayoingia tumboni mwa bunduki bila ya kuchomoza. Ndani yake risasi hazikupangwa moja juu ya nyingine. Mna gurudumu linalosukumwa na springi, na kila risasi ina kitanda chake ndani ya gurudumu hilo. Kwa risasi zenye ukingo hili ni jambo kubwa, kwa sababu katika magazini ya safu ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, risasi hunasa na bunduki hukwama. Ndani ya gurudumu kingo hazigusani. Midomo ya magazini inayoielekeza risasi chembani, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, nayo ni ya chuma, kwa hiyo haipanuki upesi. Nimeona magazini za aina nyingi, na hii ni mojawapo ya zile ambazo mtu aliyezibuni alikaa akafikiri.

Marlin Model 60 ni kubwa kwa umri, maana ilianza mwaka 1960. Risasi zake hukaa katika neli iliyo chini ya mtutu. Unaivuta neli ya ndani, ambayo ni ya shaba nyeupe na ina springi, unadondosha risasi moja moja kupitia tundu lililo kwenye neli ya nje, kisha unairudisha na kuifunga. Za zamani zenye mtutu wa sentimita 56 zilikuwa zikichukua risasi 17 au 18, na baadaye kiwanda kikazipunguza hadi 14. Mtutu wake una mifuo 16, yaani mistari iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi, isiyo na kina kirefu, ambapo mitutu mingi ya .22 ina mifuo sita tu. Kiwanda kiliipa mifuo hiyo jina la Micro-Groove na kudai kwamba haiiumizi risasi, ambayo ni ya madini laini. Mimi naamini zaidi macho yangu kuliko matangazo, lakini siwezi kukataa kwamba Marlin nyingi hupiga kwa unyoofu zikiwa vile vile zilivyotoka kiwandani, na mara kwa mara huipita Ruger ya kawaida.

Usidanganyike na urefu wa mtutu. Risasi ya .22 LR humaliza kupata kasi yake ndani ya sentimita 40 hivi za mtutu, na baada ya hapo urefu wa ziada hauiongezei kitu cha maana. Faida yake ni kwamba, ukilenga kwa jicho bila ya darubini, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinakaa mbali zaidi na kosa dogo la kulenga linaonekana mapema.

Sasa kuhusu kuchoka. Ndani ya Marlin, nyuma ya bolti, mna kipande cha plastiki kinachopokea pigo la bolti inaporudi. Kikikaa miaka mingi na kunyweshwa mafuta hugeuka rangi ya manjano, kikapasuka, na vipande vyake vikaingia kwenye mtambo. Usiinunue kabla muuzaji hajakufungulia. Ni skrubu mbili tu za chini na bunduki inatoka kwenye mti wake, na akikataa kuzifungua usibishane naye, ondoka. Tazama pia kwamba neli ya shaba haijapinda na inaingia bila ya kusuguana, na kwamba mdomo wa chemba hauna alama za kupigwa na pini, maana bunduki ya fataki ya ukingoni ikifyatuliwa mara nyingi bila ya risasi, pini inaweza kuubonyeza ukingo wa chemba, na baada ya hapo maganda yanatoka kwa taabu. Ukitaka kuujua umri wake, soma namba. Kwa zile zilizotengenezwa kuanzia 1973 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, tarakimu mbili za mwanzo hutolewa katika 100 na kinachobaki ndio mwaka. Namba inayoanza na 15 ni ya 1985, na inayoanza na 99 ni ya 2001.

Ruger nayo ina chuma kinachopokea pigo la bolti, ila huko ni pini ya chuma cha pua inayogonga chuma kwa chuma. Haipasuki, inapiga kelele tu. Mtutu wake umefungwa kwa kipande cha pembe mbili na skrubu mbili, kwa hiyo mtu yeyote mwenye bisibisi ya pembe sita anaweza kuubadilisha mezani kwake. Kwa ufundi huo si ufungaji madhubuti kuliko wote duniani, na ndiyo sababu mojawapo ya Ruger ya kawaida kutopiga kwa unyoofu kama inavyosifiwa, lakini ndio ulioifanya bunduki hiyo itengenezewe vipuri kuliko nyingine yoyote ya .22.

BINTI WA WETE (Pemba)

Assalaam alaykum. Fundi amemaliza habari za chuma, nami nitasema ya uwanjani, kwa sababu niliishi Uingereza miaka mingi na katika klabu yetu nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mstari wa kupigia kabla ya kurudi Wete. Kwa maoni yangu hapo ndipo swali lako linapojibiwa, kaka, wala si kwenye mifuo ya mtutu.

Fikiria namna kipindi kinavyokwisha. Msimamizi anatoa amri ya kusitisha, kila mpigaji anatoa magazini, anavuta bolti nyuma, anamwonesha msimamizi kwamba chemba ni tupu, kisha anaingiza kibendera cha plastiki chembani ili hata aliye mbali aone kwamba bunduki hiyo haiwezi kupiga. Mpaka kila mmoja awe amekaguliwa, hakuna anayekwenda mbele kutazama karatasi yake. Kwa Ruger kazi hii ni ya sekunde chache. Magazini inatoka na kuwekwa mezani, na kilichobaki ni kuitazama chemba. Nikiwa msimamizi nauona ukweli wote kwa jicho moja.

Mwenye Marlin akiwa amebakiza risasi nne ndani ya neli, ama azipitishe zote chembani moja baada ya nyingine kwa kuvuta bolti, ama aichomoe neli ya ndani na kuinamisha bunduki zimwagike. Yote mawili yanaruhusiwa na yote mawili ni salama yakifanywa kwa utulivu. Lakini watu kumi wanasubiri, mvua ya Uingereza inanyesha, na msimamizi hawezi kuona ndani ya neli ya chuma. Anaweza tu kuhesabu zilizotoka na kuangalia kwamba hakuna iliyong'ang'ania. Bunduki yenye neli ikifungwa haraka haraka huku risasi moja imenasa ndani ni jambo ambalo kila msimamizi analijua na kulichukia. Kujaza nako ni hivyo hivyo: mikono yako inafanya kazi karibu na mdomo wa mtutu, na unatakiwa uufanye mtutu uelekee kwenye tuta la risasi muda wote huo huku ukidondosha risasi moja moja kwa vidole vilivyoganda kwa baridi.

Ongeza na hili. Klabu nyingi huamuru idadi: pakia tano, pakia kumi. Ukija kupenda mashindano ya mita 25 na 50 ambayo karatasi hugeuka kukuelekea kwa sekunde chache kisha ikajificha, utahitaji magazini mbili au tatu zilizojazwa kabla. Mashindano hayo yana fungu lake la .22 zinazojijaza, na mistari yake imejaa 10/22. Bisley, ambako Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Uingereza kimekuwa na viwanja vyake tangu 1890, utaziona kila unapogeuka.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na linakuhusu wewe mwenye nafasi moja. Baada ya mauaji ya watu katika mji wa Hungerford, Uingereza, mwaka 1987, sheria ya mwaka 1988 iliwapiga marufuku raia wa Uingereza kuwa na bunduki ndefu za mifuo zinazojijaza zenyewe, isipokuwa hizi za .22 za fataki ya ukingoni. Maana yake ni kwamba hiyo nafasi uliyonayo ndiyo namna pekee ya bunduki ya aina hiyo utakayoipata kwa kawaida, na kila silaha unayoongeza au kubadilisha inapitia katika cheti na taarifa kwa polisi. Chagua ile ambayo haitakuwekea kikwazo kokote utakakotaka kwenda nayo.

MZEE WA CHAKE (Pemba)

Wanangu, nimesoma yote na nasikia kama Marlin imeshahukumiwa kabla mtetezi wake hajasimama. Mimi nilikaa Kanada kabla ya kurejea Chake Chake, na niliyokuwa nikiitumia ni hiyo Model 60.

Nakubaliana na binti kwamba katika mstari wenye watu wengi magazini ya kutoka ni rahisi. Lakini kijana amesema yeye ni wa kulenga kwa starehe. Kwa mtu wa namna hiyo, taratibu ya kujaza neli ina faida ambayo sijaisikia ikitajwa: inamfanya apige kwa hesabu. Wenye Ruger niliowaona, magazini kumi zikiwa zimepangwa mezani, walikuwa wakimwaga risasi kama wanaofukuza kunguru, wakirudi nyumbani na karatasi yenye matundu kila pembe na wasijue tundu lipi ni la kosa lipi. Mwenye neli hupiga, hutazama, hurekebisha.

La pili, Ruger ya kawaida hununuliwa mara mbili. Kwanza mtu anainunua kwa muuzaji, kisha anabadilisha mtutu, kifyatulio, kitako, hata bolti, mpaka kilichobaki cha kiwandani ni namba iliyochorwa ubavuni. Kifyatulio chake cha kiwandani ni kizito, kiasi cha kilo mbili na nusu za mvuto, na wenyewe watengenezaji wanauza cha pili kilicho chepesi kwa karibu nusu ya uzito huo. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe anakuuzia dawa ya kifyatulio chake, basi ugonjwa upo. Marlin unaitoa dukani, unaiwekea darubini ndogo kwenye mfereji uliochongwa juu ya mwili wake, na kazi imekwisha.

Na jamani, risasi zikisha bolti yake hubaki nyuma yenyewe, kwa zile zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1980. Ruger ya kiwandani haifanyi hivyo. Utavuta kifyatulio, utasikia "tik", ndipo utajua kwamba umemaliza.

FUNDI WA FUONI

Mzee wangu wa Chake, hoja ya bolti ni ya haki na ilinipita. Ruger ina kishikio kidogo mbele ya kifyatulio cha kuishikilia bolti nyuma kwa mkono, na mgeni huhangaika nacho mwanzoni, lakini haijishikilii yenyewe. Kwa upande mwingine, ule mlio wa "tik" haudhuru, kwani kitabu cha Ruger kinasema 10/22 inaweza kufyatuliwa bila ya risasi. Kwa mwanafunzi hilo ni neema, maana mazoezi mazuri ya mkono na pumzi hufanyika nyumbani kwa bunduki tupu, baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba ni tupu na risasi zimefungiwa pengine. Marlin singeifanyia hivyo bila ya ganda lililotumika au risasi ya plastiki chembani.

Hoja ya kununua mara mbili sikubaliani nayo sana. Kuwapo kwa vipuri si amri ya kuvinunua. Kifyatulio ndicho kitu kimoja ambacho ningekubali kibadilishwe, na hata hicho baada ya kupiga cha kiwandani hadi mkono ukizowee.

Lakini kuna jambo la Marlin ambalo haliko katika ubora wake. Kampuni ya Marlin ilinunuliwa na Remington mwaka 2007, Remington ikafilisika 2020, na mali ya Marlin ikauzwa mnadani. Aliyeinunua ni Ruger. Kwa hiyo leo majina yote mawili unayoyachagua yamo katika nyumba moja, na nyumba hiyo ilipoanza kutengeneza tena bunduki za Marlin ilitanguliza zile za kukokwa kwa wenzo ulio chini ya mkono. Model 60 zilizoko madukani ni za zamani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na vipuri vyake bado vinapatikana Marekani, lakini kijana yuko Uingereza, na kile kipande cha plastiki nilichokitaja akikihitaji ataagiza na kusubiri. Magazini ya 10/22 ataikuta katika duka lolote la silaha.

MWANA WA MFENESINI

Nashukuru sana, wakubwa. Naona naelekea upande wa Ruger, ingawa maneno ya mzee kuhusu kupiga kwa hesabu yameniingia. Nina maswali mawili. La kwanza, mimi natumia mkono wa kushoto. Je, kuna tofauti kati ya hizo mbili? La pili ni la risasi. Klabuni wapo wanaosema nichukue za kasi kubwa kwa sababu bunduki zinazojijaza hukwama na za kasi ndogo, na wapo wanaosema za kasi kubwa hazina unyoofu.

BINTI WA WETE

Mkono wa kushoto hauna tofauti hapo, kwani zote mbili hutupa ganda kulia, mbele ya uso wako. Vaa miwani ya kinga na funga kola.

FUNDI WA FUONI

La risasi ni tamu, niruhusuni nilikalie kidogo.

Risasi ya kawaida ya kulengea ina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 325 hivi kwa sekunde. Ya kasi kubwa hutoka kwa mita 370 au 380. Katikati ya kasi hizo mbili ipo kasi ya sauti, ambayo katika hewa ya nyuzijoto 15 ni mita 340 kwa sekunde, na katika joto letu la nyuzi 30 hufika karibu 349. Ya kasi kubwa inaanza safari ikiwa juu ya mpaka huo na kuuvuka kushuka chini kabla ya kufika mita 100. Hapo inatikisika kidogo, na ndiyo maana wapigaji wa shabaha wengi huchagua ile ambayo tangu mwanzo iko chini ya mpaka.

Ajabu iko kwenye upepo. Mtu atadhani kwamba risasi iendayo kasi zaidi husukumwa kidogo na upepo wa ubavuni, kwa kuwa inafika upesi. Kwa .22 ni kinyume. Kinachoamua si muda wa safari peke yake, bali kasi ambayo risasi imeipoteza njiani kwa sababu ya hewa, na risasi iliyo juu ya kasi ya sauti hupoteza nyingi zaidi. Kwa hiyo kwenye mita 100 ile ya kasi kubwa husogezwa na upepo kuliko ya polepole, na katika upepo wa kilomita 16 kwa saa zote mbili husogezwa sentimita 10 au zaidi. Sisi tuliokulia na kusi na kaskazi tunausoma upepo kwenye makuti ya minazi. Huko utausoma kwenye bendera za uwanja, na utausoma kabla ya kila risasi.

Kuhusu kukwama, wanaosema hivyo hawakukosea kabisa. Bolti inarudishwa na nguvu ya ganda, na risasi dhaifu mno haiisukumi hadi mwisho, ganda likabanwa mlangoni. Lakini za kasi ya kawaida, zisizo zile za kimya kimya kabisa, aghalabu huzungusha 10/22 iliyo safi bila ya matatizo. Kila mtutu una chaguo lake. Nunua kasha moja moja la aina nne au tano, ikiwamo moja ya Eley, ambayo ni ya huko huko Uingereza, piga kila aina kwa mafungu ya risasi tano kwenye mita 50 ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga, kisha pima upana wa matundu. Ukipata aina inayokusanya matundu matano ndani ya sentimita mbili na nusu, nunua ya kutosha yenye namba ileile ya kundi, kwa kiasi ambacho cheti chako kinakuruhusu.

Kuhusu kusafisha, bunduki zote mbili hazina tundu nyuma ya mwili la kupitishia fimbo. Watu huingiza fimbo ya chuma kutoka mdomoni na kuisugua kingo ya mdomo wa mtutu, na hiyo kingo ndiyo sehemu ya mwisho inayoigusa risasi. Tumia kamba yenye kitambaa, iingie kwa upande wa chemba na itoke mdomoni. Mtutu usiusugue kila siku, kwa kuwa nta ya risasi za .22 haiudhuru, lakini bolti na chemba zisafishe, na mafuta yawe kidogo. Kwetu hapa chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu kwa chumvi ya bahari, na mtu wa pwani huenda na tabia hiyo Uingereza akaijaza bunduki mafuta mpaka masizi yakageuka uji ndani ya mtambo. Kabatini weka kifuko cha kunyonya unyevu, inatosha.

BI MKOANI

Mwanangu, na hiyo risasi ndogo inafika wapi ikikosa karatasi?

BINTI WA WETE

Mama, makasha yake huandikwa onyo la maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Ndiyo maana kila uwanja una tuta nyuma ya karatasi, na ndiyo maana risasi haipigwi juu ya maji wala juu ya ardhi ngumu ambako inaweza kuruka. Vibao vya chuma navyo vina masharti yake ya umbali na mwelekeo, na kaka atavipiga pale tu msimamizi atakapoviruhusu.

MWANA WA MFENESINI

Basi nimekata shauri. Leo nimemwandikia muuzaji aniwekee Ruger. Nitaichukua na kifyatulio chake hicho hicho, nitaongeza magazini mbili, na fedha itakayobaki itakwenda kwenye risasi za kujaribia. Mzee wa Chake, usinikasirikie. Kila nikipakia nitapakia tano.

MZEE WA CHAKE

Sikukasirikii mwanangu, tano ni idadi ya heshima. Ila ukifika, kabla hujatoka dukani, nisomee tarakimu mbili za mwanzo za ile Marlin na umwombe akufungulie zile skrubu mbili za chini. Kijana wangu yuko Leicester, cheti chake kina nafasi, na yeye hapendi mashindano.